Kumbukumbu Zilizomo Katika VCD za Kale Zaweza Kuokolewa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo walilinena juu ya biashara, lakini latuhusu sisi askari pia, kwani mali yetu si magari na silaha peke yake. Kumbukumbu nazo ni mali. Gwaride la kumaliza mafunzo, siku ya kuvishwa cheo, arusi ya mwenzetu iliyofanyika katika bwalo la kambi, na mazishi ya yule aliyetutangulia mbele ya haki, yote hayo ni daftari la maisha ya kikosi. Kwa wakubwa zetu waliokuwa kazini miaka ya 2000 hadi 2010, sehemu kubwa ya daftari hilo haikuandikwa katika karatasi. Iliandikwa katika sahani nyembamba zing'aazo ziitwazo VCD, na leo sahani hizo zimo ndani ya masanduku ya bati chini ya vitanda, zikingojea mtu wa kuzisoma.

Si siku nyingi zilizopita aliingia ofisini kwetu mama mmoja, mjane wa askari. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Alikuwa amebeba bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwamo sahani mbili zilizofungwa katika kitambaa cheupe. Tulimkaribisha kiti, akaketi, akaiweka bahasha juu ya meza kwa mikono miwili.

"Afande," alisema, "mume wangu alikuwa wa kikosi hiki. Sahani hii ya kwanza ni ya siku aliyovishwa usajini, mwaka 2004. Siku hiyo alisimama akasema maneno mbele ya watu. Mimi nilikuwa na mimba ya binti yetu. Baba yake alifariki kabla mtoto hajazaliwa, na mtoto huyo hajapata kuisikia sauti ya baba yake hata siku moja. Jumamosi hii anaolewa."

Tulimwuliza tatizo liko wapi, naye akatueleza. Deki yao ya zamani ilikufa. Walinunua deki mpya ya DVD, lakini kila wakiitia ile sahani, kioo cha televisheni huandika kwamba hakuna diski. Basi akaenda mjini kwa fundi mmoja, akalipa fedha, akapewa sahani ya DVD, ndiyo hii ya pili. Deki iliikubali, picha ikatoka. Lakini alipoisikiliza alilia, wala hakulia kwa furaha.

"Picha ni yake," alisema, "lakini sauti si yake, mwanangu. Yeye alikuwa na sauti nzito. Hii ni ya kijana, tena ana haraka. Na mdomo hauendi pamoja na maneno. Mimi siwezi kumpa mtoto hii, nikamwambia kwamba huyu ndiye baba yako."

Sisi si mafundi wa mitambo. Kazi yetu ni kalamu na kamera. Hata hivyo hatukuweza kumwambia mama huyo arudi nyumbani mikono mitupu. Tulimwita koplo mmoja wa idara ya mawasiliano, kijana hodari wa kompyuta, nasi tukaketi naye jioni mbili mfululizo. Yale tuliyojifunza katika jioni hizo tumeona yafaa tuwaandikie wenzetu wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa tunajua kwamba bahasha kama ile zipo katika kila kambi na kila kituo.

VCD NI KITU GANI?

Kwanza yatupasa kuelewa tofauti ya sahani hizi, kwani kwa macho zafanana kama mapacha. Zote mbili zina upana wa sentimita 12, zote zang'aa, na zote zina tundu katikati. Lakini ndani yake ni vitu viwili mbalimbali.

VCD ilitangazwa mwaka 1993 na makampuni manne: Philips ya Uholanzi, pamoja na Sony, Matsushita na JVC za Japani. Nia yao ilikuwa kuitia sinema katika sahani ileile iliyokwisha kuzoeleka kwa muziki, yaani CD. Mwaka huohuo, katika mji wa Hefei nchini China, kampuni iitwayo Wanyan ilitengeneza deki ya VCD ya nyumbani, na baada ya miaka michache mamilioni ya Wachina walikuwa nazo majumbani. Kutoka Asia deki hizo za bei nafuu zilivuka bahari zikafika Afrika. Zikaja pamoja na sinema za kareti na za Kihindi, kisha zikazibeba filamu za Nijeria, ambazo hapo awali ziliuzwa katika kanda. Vibanda vya video vikajaa VCD, na wapiga picha za arusi nao wakaacha kanda wakaanza kuchoma VCD. Ndiyo sababu siku ile ya mwaka 2004 mpiga picha alimkabidhi sajini wetu VCD, wala si kanda.

DVD ilianza kuuzwa huko Japani mwezi Novemba 1996. Mwale wa leza wa deki ya CD una urefu wa wimbi wa nanomita 780, na ule wa DVD una nanomita 650, yaani ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo mistari ya DVD imebanwa sana: kati ya mstari na mstari wa CD mna mikromita 1.6, lakini katika DVD ni 0.74 tu. Matokeo yake ni kwamba CD ya kawaida hubeba megabaiti 700 hivi za mafaili, na DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7.

Picha nazo hazilingani. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumiwa na televisheni za Afrika Mashariki katika enzi za analogi, picha ya VCD ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa kimo, na picha 25 hupita katika kila sekunde. Picha ya DVD yaweza kuwa na nukta 720 kwa 576, yaani kiasi cha mara nne ya zile za VCD. Picha za VCD zimebanwa kwa utaratibu uitwao MPEG-1, na za DVD kwa kawaida hubanwa kwa MPEG-2.

Lakini tofauti iliyomliza mama yetu haikuwa ya picha. Ilikuwa ya sauti. Mashine inaposhika sauti huikata vipande vidogo sana, mfano wa mtu akataye muwa kwa panga. VCD hukata sauti vipande 44,100 katika kila sekunde. DVD hutaka vipande 48,000 katika kila sekunde, wala haikubali idadi ile ya VCD. Mwenye kuihamisha sahani hana budi kuzipima upya sauti hizo, ili sekunde moja ya zamani ibaki sekunde moja, ila sasa iwe na vipande 48,000.

Fundi wa mjini hakufanya hivyo. Alivitoa vile vipande 44,100, akaviambia mashine kwamba ni 48,000, akaendelea na kazi. Basi mashine ikavila kwa haraka kupita kiasi. Hotuba ya dakika 74 ikifanyiwa hivyo, sauti yake humalizika kwa dakika 68, na picha hubaki nyuma zikichezesha midomo mitupu kwa dakika 6. Tena sauti ikikimbizwa hivyo hupanda juu. Mtu mzima husikika kama kijana. Mama yule hakujua hesabu hizo, lakini sikio lake lilizijua.

SABABU ZA DEKI KUIKATAA SAHANI

Koplo alitueleza kwamba si kila deki ya DVD huikataa VCD. Nyingi huzicheza vizuri, na mtu mwenye deki ya namna hiyo hana haja ya kuhangaika. Deki zikikataa, sababu huwa ni mojawapo ya hizi tatu.

Sababu ya kwanza ni rangi ya sahani. VCD za dukani hupigwa chapa kiwandani, lakini VCD za arusi na gwaride zilichomwa kwa kompyuta katika sahani tupu ziitwazo CD-R. Ndani ya CD-R mna rangi maalumu, na rangi hiyo hairudishi vizuri mwale wa nanomita 650. Deki za mwanzo za DVD zilizokuwa na mwale mmoja tu hazikuweza kuzisoma. Deki nyingi za baadaye zilitiwa mwale wa pili kwa ajili ya CD.

Sababu ya pili ni kwamba mtengenezaji wa deki hakuweka ndani yake uwezo wa kufuata mpango wa VCD, hata kama leza yaweza kuisoma.

Sababu ya tatu ni ubovu wa sahani yenyewe, na hapa watu wengi hudanganyika. Mtu huutunza upande wa chini unaong'aa, na upande wa juu wenye maandishi huupuuza. Kwa CD jambo hilo ni kinyume cha ukweli. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote ni plastiki iliyo upande wa chini. Tabaka lenye habari liko juu kabisa, limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini waweza kusuguliwa ukaondoka. Mkwaruzo wa juu huondoa habari yenyewe. DVD ni tofauti, kwani tabaka lake la habari limelazwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6 kila moja. Sahani ya mama yetu ilikuwa imeandikwa jina la marehemu kwa kalamu ya wino ya ncha ngumu, na herufi zilikuwa zimejichora ndani ya vanishi. Aliandika kwa mapenzi, asijue kwamba anaikwaruza sauti ya mumewe.

TULIVYOIFANYA KAZI

Tuliifanya kazi kwa utaratibu ufuatao, nasi twaueleza hatua kwa hatua ili mwenye kuuhitaji aufuate.

Kwanza, tuliisafisha sahani. Tulitumia kitambaa laini kisicho na vumbi, tukafuta kutoka katikati kuelekea ukingoni kwa mstari ulionyooka. Haifai kufuta kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika habari nyingi zinazofuatana, na deki hushindwa kuruka.

Pili, tuliitia sahani katika kompyuta. Ndani yake mlikuwamo folda kadhaa. Ile yenye sinema huitwa MPEGAV, na faili la sinema lenyewe huitwa AVSEQ01.DAT, sahani yenye vipande vingi huwa na AVSEQ02, AVSEQ03 na kuendelea. Hapa koplo alitufundisha jambo la ajabu. Sahani iliyoandikwa megabaiti 700 yaweza kutoa faili la zaidi ya megabaiti 800. Sababu ni kwamba katika CD ya mafaili kila sekta hubeba baiti 2,048 za habari, na mahali panapobaki hutiwa hesabu za kusahihisha makosa. Waliobuni VCD waliziondoa hesabu hizo za ziada wakatia picha, hata kila sekta ikabeba baiti 2,324. Hivyo walipata nafasi ya dakika 74 za sinema katika sahani moja. Lakini walilipa gharama: VCD ikikwaruzwa haina akiba kubwa ya kujiponya.

Na kweli gharama hiyo tuliiona. Kunakili kulikwenda vizuri hadi katikati, kisha kompyuta ikaanza kukwaruza, ikasimama. Tulijaribu mara tatu, ikasimama palepale. Ilikuwa usiku wa Jumatano. Koplo hakukata tamaa. Alikwenda stoo akarudi na kompyuta ya zamani iliyokwisha kuondolewa kazini, kwa maana alijua kwamba visomeo vya sahani havilingani macho, na kile kinachosoma polepole mara nyingi huona palipomshinda mwenziwe. Kile kisomeo kikuukuu kilinguruma karibu saa nzima, lakini kilipita. Tulipoteza sekunde chache tu za gwaride, mahali ambapo bendi ilikuwa ikigeuka. Hotuba ilikuwa nzima.

Tatu, tulilicheza faili lile katika kompyuta kwa programu iitwayo VLC, ambayo hutolewa bure na yaweza kucheza mafaili ya DAT. Hatua hii ni muhimu. Kama faili halichezi vizuri hapa, hakuna ufundi wa mbele utakaolitengeneza. Tuliisikia sauti ya sajini kwa mara ya kwanza, nzito, ya mtu asiye na haraka. Tulijua ndiyo.

Nne, tuliivua sinema ganda lake. Faili la DAT lina MPEG-1 ya kawaida ndani yake, ila imefungwa katika ganda la sekta za CD. Programu iitwayo FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard nayo ni ya bure, huweza kulivua ganda hilo.

Tano, tulifanya lile ambalo fundi wa mjini hakulifanya. Tuliiagiza programu iziache picha kama zilivyo, na sauti peke yake izipime upya kutoka 44,100 hadi 48,000. Wasomaji watauliza: je, mbona hatukuzikuza picha hadi nukta 720 kwa 576? Jibu ni kwamba sheria za DVD zinaruhusu picha za MPEG-1 zenye nukta 352 kwa 288, yaani zilezile za VCD. Kuzikuza ni kuongeza maji katika maziwa: chungu hujaa, maziwa hayaongezeki. Nukta ambazo kamera ya 2004 iliziacha hazitazaliwa leo ndani ya kompyuta. Zaidi ya hayo, kila mara picha zinapobanwa upya huchakaa kidogo. Na kuna faida nyingine. Sinema ikiachwa katika kiasi chake, DVD moja hubeba zaidi ya saa sita, maana yake VCD tano zilizojaa huenea katika sahani moja. Zikikuzwa kwa kiasi cha juu, VCD moja tu yaweza kuimaliza sehemu kubwa ya DVD.

Ikumbukwe pia kwamba mwendo wa picha usibadilishwe. Sahani ya picha 25 kwa sekunde ibaki 25. Sahani iliyotoka Marekani au Japani huwa na mwendo wa picha 29.97, nayo ifanywe DVD ya mfumo wake uleule wa NTSC. Kwa sahani hizo ni salama zaidi sauti igeuzwe kuwa ya namna ya AC-3, ambayo deki zote za DVD huielewa.

Sita, tuliijenga DVD. Watu wengi hukosea hapa. Hulichukua faili la DAT, au folda zote za VCD, wakazichoma zilivyo katika sahani ya DVD, kisha hushangaa deki inapokataa. Deki ya DVD hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake hutafuta mafaili ya namna tatu: VOB yenye picha na sauti, IFO yenye maelekezo ya wapi pa kuanzia, na BUP ambayo ni akiba ya IFO iwapo ya kwanza itaharibika. Mafaili haya hayatengenezwi kwa mkono. Programu za bure kama DVDStyler huyajenga zenyewe, pamoja na ukurasa wa kuchagua kwa rimoti. Mtumiaji ahakikishe tu kwamba ameiagiza programu isizibane upya picha zilizokwisha kufaa.

Saba, tuliichoma sahani kwa mwendo wa wastani, si kwa kasi ya mwisho ya mashine, na tuliagiza sahani ifungwe. Sahani isiyofungwa huchezwa na kompyuta iliyoichoma, lakini deki ya sebuleni huikataa. Kisha tuliipeleka katika bwalo, tukaitia katika deki, tukaitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi asiyeitazama kazi yake yote hajaimaliza.

TAHADHARI KWA ASKARI NA POLISI

Kabla hatujamaliza habari ya mama yetu, yatupasa kutoa maonyo matatu kwa wenzetu.

La kwanza ni la usalama. Sahani za arusi na ubatizo zaweza kupelekwa kwa fundi yeyote wa mtaani. Lakini sahani za mafunzo, za mazoezi ya kijeshi, au za doria zisitoke nje ya uzio wa kambi. Mtu anayekubadilishia sahani hubaki na nakala katika kompyuta yake, hata kama ni mwaminifu, kwa kusahau tu. Kazi ya namna hiyo ifanywe na watu wetu wenyewe, kwa idhini ya mkuu wa kikosi.

La pili ni kwa ndugu zetu wa polisi. Katika stoo za vielelezo mna VCD za mahojiano na za matukio ya miaka iliyopita. Sahani iliyo kielelezo haibadilishwi wala haiongezwi maandishi. Inanakiliwa mara moja na mtu aliyeidhinishwa, mbele ya shahidi, na jambo hilo linaandikwa katika daftari pamoja na tarehe na jina la mashine. Kazi yote hufanywa juu ya nakala, na sahani ya asili hurudishwa ndani ya bahasha ikapigwa lakiri. Tumeona jinsi sauti inavyoweza kubadilika kwa kosa dogo la hesabu. Mahakamani kosa kama hilo laweza kumwachilia mkosaji, au kumfunga asiye na hatia kwa sauti isiyo yake.

La tatu ni la haki. Tunayoyaeleza hapa ni kwa sahani zilizo mali yako. Sinema na muziki wa dukani vina wenyewe, na sheria za hakimiliki za nchi zetu, kama ile ya Uganda ya mwaka 2006, zinawalinda. Askari asiwe mtu wa kwanza kuuza nakala za wizi katika duka la kambi.

Tena tusidanganyike kwamba DVD ni ya milele. Nayo ni sahani yenye rangi, nayo huchakaa kwa jua na joto, na kompyuta nyingi za siku hizi huuzwa bila kisomeo cha sahani. Kwa hiyo baada ya kuchoma DVD, lile faili lihifadhiwe pia katika flashi au diski ya nje, na nakala nyingine iwekwe katika nyumba nyingine. Nyumba moja ikiungua, kumbukumbu isiungue nayo. Na sahani ya kale isitupwe.

SIKU YA ARUSI

Jumamosi ilifika. Baada ya chakula, mshereheshaji aliomba bwalo litulie, na koplo akaiwasha televisheni. Bibi arusi alikuwa ameketi kati ya mama yake na mumewe. Gwaride lilipita, bendi ikageuka, zile sekunde zilizopotea zikaruka, na hakuna aliyejali. Kisha sajini akasimama mbele ya kipaza sauti.

Hakusema maneno makubwa. Aliwashukuru wakuu wake, akawataja wenzake wa platuni kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na wawili ambao hawakurudi. Halafu akasema kwamba anaomba ruhusa aende, kwa sababu mama wa nyumbani anamngojea, na chakula kikipoa yeye ndiye atakayeshtakiwa. Watu wa mwaka 2004 walicheka ndani ya televisheni, na watu wa siku ile wakacheka pamoja nao.

Bibi arusi hakucheka. Alimwinamia mama yake akauliza, "Ndivyo alivyokuwa anaongea?"

"Ndivyo," mama akajibu. "Hiyo ndiyo sauti yake."

Binti aliomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

Ndugu wasomaji, katika masanduku yetu zimo sauti nyingi za namna hiyo, na kila mwaka unaopita deki za kuzisoma zinapungua. Kazi tuliyoieleza hapa yamalizika kwa jioni mbili, kwa kompyuta ya kawaida na programu zisizolipiwa hata senti moja. Kila kikosi kina kijana wa mawasiliano ajuaye mambo haya, na kila kituo cha polisi hakikosi konstebo wa namna hiyo. Yafaa wakuu wawape nafasi, nasi wengine tufungue masanduku, tuzitoe zile bahasha, tuandike katika daftari nini kimo ndani ya kila sahani. Na tuyaandike majina katika bahasha, tusiyaandike kwa kalamu ngumu juu ya sahani yenyewe.